SOMO: STUDIO NDOGO YA NYUMBANI KWA AJILI YA KWAYA ZETU

Msingi wa somo: Luka 14:28-30 na Kumbukumbu la Torati 31:19-22



Somo la safari hii linawahusu hasa waimbaji na viongozi wa kwaya. Hata hivyo tunaomba kila familia ilisome, kwa sababu michango ya kwaya hutoka katika mifuko ya familia zote. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: tukitaka kurekodi nyimbo zetu hapa hapa tunapoishi, bila kwenda mjini, tununue vifaa gani, na tuanze na kipi?

Swali hilo si la anasa. Kwaya zetu hazikai kama kwaya za watu waliotulia kwao. Familia moja inaitwa kwenda nchi ya tatu, nyingine inaamua kurudi nyumbani, na mzee aliyekuwa anajua nyimbo za zamani anatutoka. Anayeondoka anaondoka na sauti yake, na mara nyingi anaondoka pia na beti alizozitunga. Nyimbo nyingi zilizotungwa njiani na humu kambini hazijaandikwa popote. Zimo vichwani mwa watu, na watu wanatawanyika.

Studio za mjini zinasaidia, lakini tunajua gharama zake: nauli, ruhusa ya kutoka pale inapotakiwa, na malipo ya kila saa. Kwaya ya watu 40 hupeleka watu sita tu. Mama zetu wa sauti ya pili wanabaki nyumbani, na wimbo unatoka bila wao.

Basi tufanye kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14. Anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi halafu akashindwa kumaliza. Tumeona kwaya zikichanga kwa mwaka mzima, zikanunua spika kubwa na miksa yenye taa nyingi, kisha zikagundua kwamba vifaa hivyo ni vya kupaza sauti mbele ya watu. Miksa nyingi za ukumbini huchanganya sauti zote na kuzipeleka kwenye spika, lakini haziwezi kurekodi kila sauti peke yake. Fedha imekwisha na wimbo haujarekodiwa.

TUFUATE SAFARI YA SAUTI

Ili tujue kipi kinunuliwe kwanza, tuifuate sauti njiani. Inatoka kinywani mwa mwimbaji, inapita hewani ndani ya chumba, inaingia kwenye mikro, inapita kwenye waya, inafika kwenye kadi ya sauti inayoigeuza kuwa namba, inahifadhiwa ndani ya kompyuta, kisha inarudi masikioni mwetu kwa hedifoni. Sauti ikiharibika mwanzoni mwa safari, hakuna kifaa cha mwishoni kitakachoiponya. Mchanga ukishaingia kwenye unga, kupika hakuutoi.

Tuelewane pia juu ya maneno. Watu wengine huita "kipaza sauti" kile kinachoshikwa mkononi, na wengine huita hivyo lile sanduku linalotoa sauti. Katika somo hili, kinachopokea sauti tutakiita mikro, kama wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulivyozoea. Kinachotoa sauti tutakiita spika.

1. CHUMBA

Kifaa cha kwanza cha studio hakiuzwi dukani. Ni chumba, na tayari tunacho.

Chumba kina kazi mbili, na watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuzuia kelele za nje zisiingie. Kazi hiyo hufanywa na uzito wa ukuta na kuziba mianya. Ukuta wa matofali ya udongo ni mzito, kwa hiyo unatufaa kuliko turubai au mbao nyembamba. Udhaifu wetu uko juu: bati, na ule uwazi kati ya ukuta na paa. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna anayeweza kurekodi, na hilo halina dawa ya bei nafuu. Tupange siku za kurekodi kwa kuangalia majira.

Kazi ya pili ni kuzuia mwangwi wa ndani. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita tatu na kitu, sauti hugonga ukuta wa pili na kurudi katika muda wa sehemu mbili za mia za sekunde. Sikio halisikii sauti mbili, bali linasikia sauti moja iliyochafuka, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Dawa yake ni vitu laini na vinene: magodoro yaliyosimamishwa ukutani, mablanketi yaliyokunjwa mara mbili na kutundikwa, mikeka na nguo sakafuni, magunia yaliyojazwa nguo kuukuu katika pembe za chumba. Blanketi lililoachwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani hufanya kazi vizuri kuliko lililobanwa ukutani. Trei za mayai, ambazo wengi huzisifu, hazizuii kelele za nje, na kwa mwangwi zinasaidia kidogo sana.

Tufanye majaribio mawili kabla ya kuchagua chumba. La kwanza, piga kofi moja kwa nguvu katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, ongeza mablanketi. La pili, kaeni kimya dakika tano, kila mmoja na karatasi yake, mwandike kila mnachosikia: jogoo, kinu cha kusaga, pikipiki, watoto kisimani, redio ya jirani. Fanyeni hivyo asubuhi, mchana na usiku. Saa yenye orodha fupi ndiyo saa yenu ya kurekodi.

Tahadhari moja tunaisema kwa uzito. Chumba kilichozibwa kisiwe na jiko la mkaa, hata kama limebaki makaa machache. Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Baada ya kila wimbo fungueni mlango, watu wapumue.

2. MIKRO, STENDI, WAYA NA KICHUJIO

Mikro zinazotumika zaidi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya dinamiki. Ni ngumu, haihitaji umeme wake, inavumilia vumbi na kuanguka, na haisikii sana mambo ya mbali. Mfano unaojulikana ni Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na inayotengenezwa hadi leo. Kwa sababu inapendwa, nakala zake za bandia ni nyingi sokoni. Anayeuza akikataa usiijaribu kabla ya kulipa, nenda zako.

Aina ya pili ni ya kondensa. Hii ni nyepesi kusikia. Inashika pumzi, nyuzi za gitaa, na hata unyayo wa mtu mlangoni. Inahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti kupitia waya ule ule. Kwa kwaya nzima inayoimba pamoja, kondensa ni bora. Kwa mwimbaji mmoja katika nyumba yenye kelele, dinamiki ina msaada zaidi. Kama fedha ni ya mikro moja tu na chumba chenu hakijatulia, anzeni na dinamiki.

Mikro nyingi za kuimbia hushika zaidi sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma. Kwa hiyo mgongo wa mikro uelekezwe mahali kelele inakotoka, iwe ni dirisha au feni ya kompyuta.

Stendi si pambo. Mkono unaoshika mikro unatikisika, na mtikisiko huo unarekodiwa. Asiye na stendi afunge mikro kwa kitambaa kwenye mti uliosimikwa ndani ya ndoo ya mchanga.

Kichujio huzuia upepo wa herufi "p" na "b" usipige mikro. Chukueni waya mgumu, mkunje duara la ukubwa wa sahani ndogo, mvishe soksi nyembamba ya kike, muiweke kati ya kinywa na mikro. Kinafanya kazi sawa na cha dukani.

Kuhusu waya, nunueni wenye vichwa vya pini tatu. Waya huo hupunguza mngurumo unaookotwa njiani. Waya mbovu huharibu siku nzima, basi wekeni wa akiba.

Mikro iwekwe wapi? Kwa mwimbaji mmoja, sentimita 15 hadi 20 kutoka kinywani. Kwa gitaa lisilo la umeme, sentimita 20 hadi 30, ikielekezwa pale shingo inapokutana na mwili, si kwenye tundu, maana tundu linanguruma. Kwa ngoma, rudini nyuma mita moja au zaidi. Kwa kwaya, simameni nusu duara, mikro iwe mbele mita moja na nusu hadi mbili, juu kidogo ya vichwa. Mwenye sauti kubwa arudi hatua mbili nyuma, mwenye sauti ndogo asogee mbele. Hiyo ndiyo miksa ya kwanza, na haina gharama.

JE, MIKRO MOJA INATOSHA?

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki wa watu, alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kule Katanga. Mwenda alikuwa mtu wa Kiswahili kama sisi. Alikuwa na gitaa moja na sauti yake. "Masanga", wimbo uliorekodiwa wakati ule, si wimbo wa kanisani, lakini hadi leo wapiga gitaa wa nchi nyingi wanaketi kujifunza vidole vya mtu yule. Mwaka 1954 Tracey alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, na rekodi zake zinatunzwa mpaka sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, vifaa vya siku zile vilikuwa vizito na vigumu kusafirisha, na havikuwa na njia nyingi za kusahihisha makosa. Mpigaji alijua wimbo wake kabla mashine haijawashwa. Pili, kazi ile ilidumu kwa sababu aliyerekodi aliandika ni nani aliyepiga, wapi na lini. Tutalirudia jambo hilo.

3. KADI YA SAUTI

Hiki ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kazi yake ni kugeuza sauti kuwa namba. Tundu dogo la mikro lililomo ndani ya kompyuta hufanya kazi hiyo kwa ubora hafifu, na huokota kelele za kompyuta yenyewe.

Mkienda kununua angalieni mambo matano: matundu mawili ya mikro ya pini tatu, kitufe cha volti 48, tundu la hedifoni lenye kidhibiti chake cha sauti, njia ya kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila kuchelewa, na kwamba kadi inapata umeme kutoka kwenye kompyuta, isihitaji chaja yake. Matundu mawili yanatosha kwa kwaya, kwa sababu sauti zaweza kurekodiwa kwa zamu. Matundu manane ni ya baadaye.

Zimeni volti 48 kabla ya kuchomeka au kuchomoa mikro. Mlio unaotoka mnapokosea waweza kuumiza masikio na vifaa.

4. KOMPYUTA NA PROGRAMU

Kompyuta iliyotumika yatosha ikiwa ina kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD, ambayo haitoi mlio wa kuzunguka. Iwekwe mbali na mikro, juu ya kitu kigumu, isipate joto na kuwasha feni.

Programu zipo za bure. Audacity ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na haina malipo. Inatosha kurekodi traki kadhaa, kukata, na kupunguza makosa. Mtu mwenye intaneti aweza kuipakua mara moja akawapelekea wengine kwa flashi. Traki ni njia ya sauti moja: gitaa na traki yake, soprano na traki yake. Faida yake ni kwamba teno wakikosea, wanarudia teno peke yao.

Katika mipangilio, chagueni 44,100 au 48,000. Namba hiyo ni mara ngapi kwa sekunde kompyuta inapima sauti. Sikio la binadamu mzima husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na kipimo kinatakiwa kizidi mara mbili ya hapo. Namba kubwa zaidi zinajaza diski tu. Chagueni pia biti 24 kama kadi inaruhusu.

Sasa jambo linaloharibu rekodi nyingi: kuweka sauti juu mno. Katika kompyuta, sifuri ni dari. Sauti ikigonga dari inapasuka, na iliyopasuka haishonwi vizuri. Mwambieni mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha punguzeni mpaka kilele kikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Itaonekana ndogo, lakini sauti ndogo iliyo safi yaweza kuongezwa baadaye.

5. HEDIFONI

Nunueni hedifoni zinazofunika sikio lote, ili mlio wa kinachosikilizwa usitoke na kuingia kwenye mikro. Msitafute zenye besi kubwa, maana zinatudanganya: tutapunguza besi kwenye wimbo, na redioni utasikika mkavu.

Spika za studio ni nzuri, lakini zinataka chumba kizuri, basi zisubiri. Mkimaliza kuchanganya wimbo, usikilizeni kwenye simu, kwenye redio ndogo na kwenye spika ya kanisa. Maneno yakisikika kote kote, kazi imefanyika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sikilizeni kwa sauti ya kiasi na mpumzike, kwa kuwa masikio ndiyo kifaa kisicho na spea.

6. UMEME

Wengi wetu tunatumia sola. Tupige hesabu pamoja. Kompyuta ya mkononi hutumia kama wati 50, na kadi ya sauti ya USB karibu wati 2.5. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kumalizwa. Tukitumia nusu, tunazo 600. Inveta nayo inakula sehemu yake. Kwa betri nzima yenye afya, tunabakiwa na saa nane hadi tisa za kazi. Zinatosha kwa siku moja.

Njia iliyo safi zaidi ni kuijaza betri ya kompyuta mapema, kisha kuchomoa chaja wakati wa kurekodi. Mngurumo mwingi unaosikika kwenye hedifoni hutoka kwenye chaja na inveta, na mara nyingi huondoka pale pale chaja inapochomolewa. Jenereta, kama ipo, iwe mbali na nyuma ya jengo lingine. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kuwaka, kwa hiyo isiwekwe ndani ya chumba kilichozibwa wala karibu na moto.

7. MAHALI PA KUHIFADHI

Hapa ndipo penye maumivu makubwa, kwa sababu wimbo uliorekodiwa mahali pamoja tu ni kama haujarekodiwa. Kompyuta huibwa, hunyeshewa, huungua.

Traki moja ya biti 24 na kipimo cha 48,000 inachukua karibu MB 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki nane unachukua kama MB 360. Flashi ya GB 32 ina nafasi ya nyimbo zaidi ya 80 za namna hiyo, na hata mkitunza majaribio mengi, bado makumi yanaingia. Kwa hiyo hatuna udhuru. Kila wimbo uwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja katika nyumba nyingine, kwa mtu anayeaminika. Tunzeni WAV kama mbegu. MP3 ni ya kugawa, kwa kuwa inapunguza sehemu za sauti ili iwe ndogo, na sehemu hizo hazirudi.

Pamoja na nakala kuwe na daftari. Andikeni jina la wimbo, aliyeutunga, lugha, tarehe, mahali, na majina ya walioimba. Andikeni pia kama mtunzi amekubali urekodiwe na ugawiwe, na makubaliano yenu endapo utaleta fedha. Kwaya nyingi zimevunjika kwa swali la "wimbo ni wa nani", swali ambalo mistari mitano ya daftari ingelijibu.

NGAZI TATU ZA KUANZIA

Ngazi ya kwanza: msinunue kitu. Tumieni simu ya mmoja wenu, chumba, mablanketi na daftari. Wekeni simu katika hali ya ndegeni ili isiite, isimamisheni juu ya kitu laini mbele ya kwaya, na mrekodi nyimbo zilizo hatarini kwanza: za wazee, za wanaosubiri safari, na zile zinazojulikana na mtu mmoja tu. Ngazi hii yaweza kuanza juma hili.

Ngazi ya pili: hedifoni, mikro moja, stendi, waya wawili na kadi ya sauti. Kompyuta muazime.

Ngazi ya tatu: kompyuta ya kwaya, diski ya nje, mikro ya pili, na umeme wa sola wa studio.

Vinavyoweza kusubiri: spika za studio, miksa, kinanda cha kuunganisha na kompyuta, na programu za kulipia. Kwaya mbili au tatu zikishirikiana, ngazi ya pili haitachukua miaka. Vifaa viwe chini ya watu watatu wanaojulikana, na kila anayeazima aandike jina na tarehe.

WALIOONDOKA WANAWEZA KUIMBA NASI

Kuna faida nyingine ambayo familia nyingi zitaipenda. Mkisharekodi gitaa na sauti ya kuongoza, mtumieni aliyehamia mbali. Yeye avae hedifoni, asikilize, aimbe sehemu yake, arekodi sauti yake peke yake hata kwa simu, na airudishe. Mkitumia WhatsApp, itumeni kama dokumenti ili isipunguzwe ubora. Ili sauti zianze pamoja, wekeni kofi moja na hesabu ya nne mwanzoni mwa wimbo. Mkipanga kofi na kofi, dada aliye ng'ambo ya bahari anasimama tena katika safu ya alto.

NENO LA KUMALIZIA

Katika Kumbukumbu la Torati 31 taifa zima liko karibu kuvuka, na kiongozi wake anajua kwamba yeye hatavuka nao. Katika saa hiyo Musa anaagizwa auandike wimbo na kuwafundisha watu, ili uwe katika vinywa vyao na vizazi vyao visiusahau. Biblia inatueleza kwamba aliuandika siku ile ile. Hakungoja wafike, wala hakungoja mambo yatulie.

Na sisi tusingoje studio kamili. Tuhesabu gharama, tupande ngazi moja moja, na tuanze na wale ambao sauti zao hatutazisikia tena hapa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi na familia

1. Ni nyimbo zipi katika kwaya yetu zinazojulikana na mtu mmoja au wawili tu? Wako wapi sasa?
2. Ni nyumba ipi katika kijiji chetu yenye orodha fupi ya kelele, na ni saa ngapi?
3. Tuna vifaa gani tayari miongoni mwetu: simu, hedifoni, kompyuta, betri?
4. Ni watu gani watatu tutakaowakabidhi vifaa na daftari?
5. Nakala ya tatu ya nyimbo zetu itakaa kwa nani?

Bwana awabariki, na awape sauti na nguvu za kumsifu.